Unga wa Kupeleka Johannesburg

Agnès mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua, nakusikia hapo uani ukibishana na mama yako juu ya mfuko wa unga. Nimejifungia chumbani mchana kweupe. Nimewaambia kichwa kinaniuma, na sikudanganya. Tangu asubuhi nyumba hii imekuwa soko. Wanawake wa kambi nzima ya wafanyakazi wamepita hapa na hakuna aliyekuja mikono mitupu: huyu na samaki wadogo wa ndakala, yule na viwavi wa finkubala waliokaushwa, mwingine na sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa na kuanikwa, na Mama Véro wa nyumba ya kona na chikanda yake ya mizizi na karanga, nzito kama tofali. Wote wana neno moja tu: "Mutoto atakula nini kule?"

Mtoto gani? Umeshapita miaka ishirini. Wewe ndiye unayetulisha kwa mikate unayokaanga hapo mbele ya nyumba tangu kampuni ya mgodi iache kutulipa. Halafu unakwenda Johannesburg, mji wa mahoteli na masoko, mji ambao Afrika nzima imealikwa kwenda kucheza mpira, nao wanakufungia mizigo kana kwamba unaingia msituni kuchoma miti iwe makala. Nimejaribu kusema. Hakuna mtu anayesikiliza mwanamume katika nyumba yenye mfuko wa unga.

"Kule nako wanakula bukari," nilimwambia mama yako. "Wanaiita pap. Ni unga wa mahindi, maji na mwiko. Dereva wa lori aliniambia, amekula huko miaka."

"Ile haiko bukari."

"Ulisha kuiona?"

"Hapana. Lakini haiko."

Utajibu nini hapo? Nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Sikuandikii mambo ya kila siku. Habari za kuficha pasipoti ndani ya nguo, za kutokunywa maji ya njiani, za kumsalimia Mama Odile kabla ya kuketi, hizo mama yako amekuambia mpaka umezikariri. Mimi nina jambo moja tu. Mpaka ambao kila siku tunafungiwa umefunguliwa kwa watu wanaokwenda na bendera kuishangilia timu yetu, nawe umepata nafasi katika basi la mashabiki. Mama Odile, mdogo wa mama yako anayeishi kule, amekutafutia kazi ya jikoni katika hoteli kwa muda wa mashindano. Na mkuu wa jiko amesema wazi kwamba ukimudu, utabaki. Kazi ya kweli, yenye mshahara unaofika. Lakini kila anayekuuliza unamjibu vilevile: "Kombe likiisha, narudi na basi." Unalisema kwa tabasamu, kama mtu anayewapa wengine zawadi. Linanichoma.

Jumapili, pale bombani, nilikuuliza kwa nini usibaki. Ulitua ndoo, ukaniangalia kana kwamba nimekuuliza swali la kitoto. "Papa, mi nikibaki kule, hapa nani atapika?"

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nilipokuwa na umri kama wako nilijibu jibu hilohilo, na kwa sababu hiyohiyo ya chungu na mwiko, na watu wakaniona nina heshima. Sasa nisikilize.

Kisa cha ngumi unakijua. Kambi nzima inakijua. Hata watoto wanaopita na baiskeli wananiuliza, "Papa, round ya munane ilikuwa namna gani?" nami najibu, "Ya moto, na sombe pembeni," wanacheka, wanaondoka. Lakini wewe ulikisikia kwa Banza, na Banza anasimulia ili watu waanguke viti. Kuna mambo anayaruka. Ngoja nikueleze mimi.

Ulikuwa ule mwaka Wamarekani wawili walipokuja kupigana ngumi Kinshasa. Mimi na Banza tulikuwa vijana wa karakana ya umeme, na jioni tulikuwa tunacheza ngumi katika klabu ya kambi. Mimi nilikuwa mzuri. Usicheke, nilikuwa mzuri kweli. Kampuni wakati huo ilikuwa na hela za kuchezea, ikachagua vijana wachache wa klabu kwenda kuangalia pigano lile, kupewa kila kitu, treni mpaka Ilebo, kisha meli mpaka Kinshasa. Ungeona kambi ilivyotuaga. Padri alitubariki. Na bibi yako, mama yangu, Mungu amrehemu, alifanya nini? Aliniletea mfuko wa unga.

"Beba, mwana wangu. Batu ba kule banakulaka kwanga. Kwanga haiko chakula, ni azabu."

Kila mama aliuogopa mkate huo wa muhogo, akafanya hivyohivyo kwa mwanawe. Tukapanda treni ya ngumi na mifuko ya unga, na Banza amebeba sufuria mgongoni, na mwingine mbabula, jiko la mkaa, na, hutaamini, gunia la makala. Makala! Kana kwamba Kinshasa watu wanapika kwa jua. Wenyeji waliotupokea bandarini walidhani sisi ni wafanyabiashara.

Walitulaza katika darasa la shule. Kila jioni tulikoka moto uani, tukasonga bukari, tukala na ndakala wetu, tukasifu mama zetu. Mji wote ulikuwa umepakwa rangi. Wazungu na weusi kutoka pande zote za dunia walikuwa wanatembea barabarani wakinusa kila sufuria na kuuliza hiki ni nini. Waandishi wa habari walikula mamba, walikula nyani, walikula pondu, ndiyo sombe yao, mpaka meno yakawa kijani. Ng'ambo ya mto palikuwa na mji mkuu wa nchi nyingine, unauona kwa macho, taa zake zinawaka. Mimi sikwenda hata ukingoni kuuangalia. Kulikuwa na mahali chini kidogo ambapo mto ule mkubwa unaanza kuvunjika kwenye mawe na kunguruma, watu wanakaa hapo Jumapili na bia na samaki. Sikufika. Kulikuwa na bustani, kulikuwa na baraza za muziki ambazo watu wa kwetu Lubumbashi wangetoa jino moja ili kukaa humo saa moja. Tulikuwa tunawahi nyumbani kwa sababu ya moto wa mbabula.

Kwenye kona ya shule ile alikuwapo mama mmoja, Mama Nsimba, akiuza samaki waliofungwa katika majani na kuchomwa juu ya makaa. Maboke wanaita. Agnès, harufu ile. Pilipili, kitunguu, mafuta, na jani lenyewe likianza kuungua. Tulipita mbele yake kila siku, asubuhi na jioni, na kila siku aliita kwa Kilingala chake: "Bana Katanga, boya kolia!" Watoto wa Katanga, njooni mle. Nasi tukamjibu kwa adabu kubwa, "Asante mama, tumeshiba." Banza alisema, "Mi siwezi kula ile kintu, siijue." Mimi nikajiona mwerevu kwa sababu tulikuwa tunaokoa posho.

Sasa mmoja wa wale wapiganaji akachanika juu ya jicho mazoezini, pigano likaahirishwa. Kampuni ikatuma neno tusubiri. Tukasubiri wiki baada ya wiki. Unga ukaisha.

Hapo ndipo akili ya kawaida ingesema: samaki wale pale, kwanga ile pale, mji mzima unanuka vitunguu. Lakini sisi tulianza kutembea Kinshasa nzima kutafuta unga wa mahindi. Kila siku. Mtu akikuambia, "Baba yako alitembea Kinshasa yote," ni kweli, lakini nilitembea nikiangalia magunia. Tulipata fufu yao ya muhogo, tukasema inanata. Tulipata wali, tukasema unapita tumboni bila kusalimia. Tulikonda. Na tulijisifu kwa kukonda, tukasema huko ndiko kuwa wana wa kwetu.

Katikati ya haya yote, mume wa Mama Nsimba, fundi wa meli pale bandarini, alinikuta siku moja natengeneza waya wa taa ya darasa. Alisimama akaniangalia mpaka nilipomaliza. Akaniambia pale bandarini wanatafuta kijana wa umeme, kwamba atanipeleka mwenyewe kwa mkuu wake, na kwamba nyumbani kwake kuna chumba mwanaye alikihama. Ilikuwa kazi ya injini kubwa, Agnès, kazi ambayo hapa nisingeigusa mpaka mtu fulani afe. Nilikuwa na hamu nayo. Usiku huo niliota injini.

Kesho yake nilimwambia hapana. Akaniuliza kwa nini. Nikamjibu, nakumbuka neno kwa neno, "Mzee, sasa nitakula nini hapa?"

Alicheka, alidhani natania. Alipoona sitanii aliacha kucheka, akanishika bega, akaenda zake. Mkewe alinipa boke moja bure siku ile, la kunitia moyo, nikampa mtoto aliyekuwa anapita. Hii ndiyo sehemu Banza anairuka, kwa sababu haichekeshi. Yeye anakimbilia mkesha wa pigano, jinsi tulivyosikia kwamba kuna askari wa Kamina upande wa pili wa mji mwenye gunia la unga, tukaenda mchana tukasonge haraka turudi, tukala kama watu waliotoka jela, tukajilaza kidogo ili tumbo litulie. Pigano lilikuwa alfajiri. Tuliamshwa na mji mzima ukipiga kelele, raundi ya nane imeshamaliza pigano, halafu mvua ikaanza. Tulitoka Lubumbashi kwenda kuangalia ngumi, tukalala juu ya bukari. Hicho ndicho kambi inachocheka, na wana haki.

Mimi sikujali sana ngumi. Najali lile jibu.

Mama yako akisikia habari hii hunipiga neno moja tu: "Ungebaki kule, ungenipata mi?" Na ananiweza kila mara, maana ni kweli, nisingempata, na wewe usingekuwapo kunitia wasiwasi. Simjutii mama yako. Najutia nilichorudia. Nilirudi kwa ajili ya tumbo, nikamkuta mama yako kwa bahati, na mtu asijenge maisha akitegemea kwamba upumbavu wake utamwangukia vizuri.

Ngoja. Ananiita.

Nimerudi. Unajua aliniitia nini? Kufunga mfuko! Kamba imekatika kwa uzito, ati njoo wewe mwenye mikono ya waya. Nimesimama pale uani katikati ya wanawake, mimi mwenyewe ninayekataa unga huu, nimeufunga kwa fundo la umeme ambalo hata ng'ombe hawezi kulikata. Wewe ulikuwa unacheka nyuma ya mlango, nilikuona. Banza naye amekuja kukuaga na ameleta sufuria. Sufuria, Agnès! Ileile! Nimemuuliza kama ana akili, akaniambia, "Mukubwa, kwetu ni kwetu. Atembee, lakini arudi. Kwetu ni kwetu."

Hilo neno la kwetu limeanza kunichosha. Kwetu gani? Karakana yangu iko kimya, nyaya za shaba zimenyofolewa ukutani mpaka za swichi. Kila asubuhi navaa ovaroli, nakwenda kukaa na wenzangu kwenye benchi, mchana tunarudi. Ule mwaka wa uporaji tuliona watu tunaowafahamu wakibeba milango ya maduka. Chuo kikafungwa ukiwa mwaka wa pili, ukaweka vitabu juu ya kabati ukabandika mafuta ya mikate bila kulalamika, na mimi nilijua nikanyamaza. Na nyumba ya upande wa kushoto, ya Papa na Mama Tshibola? Walizaliwa hapa. Watoto wao walizaliwa hapa. Waliita hapa kwetu kuliko mimi, kwa sababu mimi nina kijiji kule kaskazini na wao hawakuwa na pengine. Tulikula nao sahani moja kila Krismasi. Wakaambiwa ni watu wa Kasai, waende kwao, na siku walipobeba vitanda kwenda stesheni, kambi nzima ilikuwa na kazi ndani ya nyumba. Mimi pia. Nilisikia Mama Tshibola akimwita mama yako kwa jina, na sikufungua. Mama yako alitaka kutoka nikamshika mkono.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwetu ni kwetu. Kwetu ni mahali ambapo watu wanakufungulia. Kunaweza kuwa hapa, kunaweza kuwa Johannesburg, kunaweza hata kuwa kwenye kona ya shule Kinshasa kwa mama anayekuita ukale na hajui hata jina lako.

Ndiyo maana nataka ule, mwanangu. Naona aibu kukuandikia barua nzima juu ya kula wakati watu wanafikiri mawazo makubwa, lakini hicho ndicho nilichojifunza na kimenigharimu. Dereva wangu wa lori, anayekaa foleni ya mpakani Kasumbalesa mpaka anaota ndevu, ameniambia kuna mkate mkubwa unakatwa robo, unatobolewa ndani, wanajaza viazi vya kukaanga na soseji na achari ya Wahindi, na unakula kwa mikono miwili mpaka inadondoka kwenye viatu. Kula huo. Kuna nyama wanazochoma barabarani mchana mchana wakibishana juu ya mpira. Simama hapo ubishane nao. Kuna matumbo, kuna vichwa vya kondoo vinavyokuangalia. Waulize hiki kinaitwaje, kinapikwaje, nani alikufundisha. Mtu ukimuuliza anavyopika anaacha kukuogopa. Ukiumwa tumbo mara moja, umelipa kodi ya mji, basi. Na ukiwa mezani kwa mtu usiseme "kwetu sisi." Nakujua, una ulimi wa mama yako. Kula kwanza chao mpaka ukipende au ukichoke, kisha siku nyingine wapikie sombe ya Mama Véro waone mambo.

Na utembee. Mama Odile amesema utakuwa na mapumziko siku timu hazichezi. Usiende kulala. Kuna jengo refu ambalo unapanda lifti mpaka juu kabisa, unaona mji wote, na vilima vya njano vya mchanga wa mgodi, utadhani uko nyumbani. Kuna bustani ya wanyama. Na kuna mahali, hili limenishinda kabisa, ambapo wameugeuza mgodi wa zamani kuwa mchezo, na watu wanalipa kiingilio ili washushwe chini ya ardhi wakiwa na kofia na taa. Wanalipa! Babu yako alishushwa bure miaka yake yote, na zawadi waliyompa ni vumbi mapafuni. Lakini nenda, shuka, uone. Angalia jinsi watu wanavyocheka humo chini. Labda utakasirika, labda utacheka nao, vyote ni sawa. Mimi nataka tu uwe umeona.

Uende na uwanjani pia, siku timu yetu inacheza. Tiketi yako usiiuze kumnunulia mtu hapa kitenge. Nimekuambia. Ukae pale upige kelele mpaka sauti ikauke, wewe ambaye tangu chuo kifungwe hujapiga kelele kwa furaha hata siku moja. Nimehesabu ukimya wako wote huo, ijapokuwa sikusema.

Sasa lile swali lako la bombani. Nani atapika.

Nitapika mimi. Wiki iliyopita mlipokwenda kanisani nilijaribu mikate yako. Nilipima unga, nikaweka hamira, nikasubiri iumuke kama unavyofanya, nikabandika mafuta. Iliyotoka, nje ilikuwa nyeusi na ndani ilikuwa uji. Niliwatupia kuku wa Banza, wakaiangalia, wakaondoka. Lakini ya mwisho mwisho ilianza kufanana na kitu, na mama yako aliporudi akaukuta mmoja, akaula wote bila kusema neno, na wewe unajua mama yako akinyamaza maana yake nini. Basi nitajifunza. Mtu aliyeunganisha waya maisha yake yote hashindwi na unga wa ngano. Kambi itacheka. Wameshanicheka miaka yote hii na sijafa.

Unajiona nguzo ya nyumba hii, na ni kweli. Nakushukuru. Nilipaswa kukushukuru mapema na kwa mdomo, si kwa karatasi. Lakini sikukuzaa ili unishikilie dari. Na hasira yangu yote ya leo, ya unga, ya sufuria, ya Banza na kwetu yake, ni kwa sababu nakuona unatafuta sababu nzuri ya kurudi, na sababu nzuri ndizo zinazokamata watu. Sababu mbaya mtu anaweza kuzikataa.

Sasa nikuambie nilichofanya, halafu nimalize, maana jua linakwenda na mama yako ameanza kuuliza kichwa gani hiki kisichopona.

Asubuhi nilipokuambia nakwenda kunyoa nywele, sikwenda. Ungenitazama ungeona. Nilikwenda kwa Papa Kasongo anayepanga watu katika basi la mashabiki. Kuna mama mmoja wa Likasi ambaye alikwenda Johannesburg kumuuguza mwanawe, mwana akafariki, na tangu hapo amekwama huko, hana njia, hana mtu, analala kanisani. Anataka kurudi kwa wajukuu wake. Nimempa kiti chako cha kurudi. Papa Kasongo ameshaandika jina lake na kufuta lako, nilisimama pale mpaka alipomaliza. Siku basi litakapogeuza, mahali pako patakuwa na mama wa watu, na najua wewe huwezi kumwinua mama mfiwa ili ukae.

Mama yako anajua. Nilimwambia jana. Alilia mpaka nikaogopa, kisha akajifuta na kitenge akaniambia, "Enda mbio, mbele ya mi kubadilisha mawazo." Kwa hiyo usimwandikie kumlalamikia, tuko wawili katika jambo hili.

Barua hii nitakutia mkononi basi likishaanza kutembea, ili usipate nafasi ya kushuka. Utakasirika. Naona hata sasa utakavyobana midomo. Kasirika, mwanangu, una haki, sikukuuliza. Kasirika njia nzima ya Zambia kama unataka. Nyumba hii itakuwa kubwa mno kesho, na mimi nitakaa barazani na sufuria ya mafuta nikiwa sijui nianzie wapi, na nitakulilia, nasema wazi ili usije ukadhani ilikuwa rahisi. Nakupenda kuliko nilivyowahi kujua kusema.

Siku moja uje. Uje umevaa vizuri, umenenepa, una jina la kazi yako na lugha tusiyoijua, uje na mume au bila mume, utuchoshe kwa masimulizi, ukae wiki mbili uanze kukumbuka kitanda chako cha kule. Mlango utakuwa wazi na tutakukaribisha kama mgeni.

Usirudi kutupikia.

Baba yako